Mkono Niliompa Shemeji

"Shusha kidogo, daktari," nilimwambia.

Alikuwa kijana, ndevu hazijamkaa vizuri, ameshika kalamu ya wino mzito kama ile wauza mitumba huandikia bei juu ya marobota. Alikuwa amechora mstari kuzunguka mkono wangu wa kulia, chini kidogo ya kiwiko. Juu ya mstari nilikuwa mimi. Chini ya mstari hakukuwa na mtu tena.

"Mama, nikishusha utarudi hapa mwezi ujao tuanze upya."

"Vidole viwili tu. Shusha upana wa vidole viwili."

Nilikuwa nimelala kwenye kitanda cha magurudumu, nje ya mlango wa chumba cha upasuaji, nimevaa gauni la kijani lililofungwa mgongoni kwa kamba moja, nabishana juu ya mkono wangu mwenyewe kama mtu anayedai aongezwe sukuma wiki sokoni. Mume wangu alisimama upande wa miguu yangu, macho ukutani. Daktari akamwangalia, nadhani akingoja mwanamume aseme neno.

"Fanya vile unajua," Baba Nekesa akamwambia.

Basi. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, na neno lake siku hiyo likawa hilo.

Daktari hakushusha mstari. Aliupitia mara ya pili usije ukafutika, kisha akaniuliza, kwa sababu ndivyo sheria yao inavyotaka, "Mama, kwa mdomo wako, ni mkono huu?" Nikasema ndiyo. Mimi mwenyewe. Kwa hivyo ukiniuliza siku mbaya kuliko zote ilikuwa ipi, sitakutajia siku mashine iliponibana. Siku hiyo hakuna aliyeniuliza kitu.

Naandika haya kwa mkono wa kushoto, na binti yangu Nekesa ananinyooshea herufi. Shule niliiacha darasa la sita, usitafute hapa maneno makubwa. Nakuandikia wewe uliyekaa kwenye benchi la hospitali na bandeji, unaoneshwa mlango na kila mtu. Sina matumaini ya kukugawia, hata yangu hayanitoshi. Nina mambo machache niliyojua nikiwa nimechelewa, na nina majina ya watu. Jina la kiwanda wakili alinikataza. Majina ya watu pia alinikataza, lakini hapo nilijifanya sikusikia.

Kiwanda chetu kinatengeneza sabuni. Nilikuwa laini ya mwisho, pale miche inapoingia kwenye katoni na katoni zinapangwa juu ya mbao zipelekwe stoo. Miaka tisa. Wanawake tulifunga katoni, wanaume walizibeba. Halafu wakaleta roboti.

Si roboti wa kutembea kama wa kwenye runinga. Ni mkono tu, mrefu kuliko wa mtu, rangi ya maziwa, umekaa juu ya nguzo. Una bega, una kiwiko, una kifundo, na mwishoni vikombe vya mpira vya kunyonya katoni na kuiinua. Siku ya kwanza alikuja Injinia Mbugua mwenye tai, akatukusanya.

"Zile mashine za zamani," akasema, "zinafungiwa ndani ya wavu kwa sababu ni vipofu. Huyu ana hisia. Mtafanya naye kazi bega kwa bega. Akikugusa tu, anasimama mwenyewe."

Akavua miwani, akaweka kifua chake njiani. Mkono ukaja, ukamgusa tai, ukasimama. Taa ya kijani ikawa nyekundu. Tukapiga makofi. Kisha akatupanga foleni tuguswe mmoja mmoja, tupoteze uoga. Tulijipanga kama watu wanaosubiri kuwekewa mikono kanisani. Zamu ya Wanjiku ilipofika, akaguswa begani polepole, akageuka akasema, "Woi, ata bwanangu hajawahi nigusa na heshima hivi." Injinia mwenyewe alicheka.

Wanjiku ndiye aliyempa jina Shemeji. Alisema amekuja kukaa kwetu bila kuitwa, hatujui ataondoka lini, na huwezi kumgombeza mbele ya watu. Jina likashika. Wanaume wanne wa kubeba katoni waliachishwa kazi mwezi huo huo. Akabaki Mzee Kilonzo peke yake, kazi yake kunyoosha katoni ambazo Shemeji aliziweka upande.

Sasa sikiliza hapa, kwa sababu hapa ndipo kosa letu lilipo, na mimi silikatai.

Mzee Kilonzo ana ugonjwa wa sukari. Mtu wa sukari anaenda choo mara kwa mara. Kwetu ruhusa ya choo ilikuwa kibao kimoja cha mbao chenye kamba, unakivaa shingoni, na kilikuwa kimoja kwa laini nzima. Supavaiza wetu, Bwana Odera, alikuwa akikiangalia kile kibao kuliko alivyotuangalia sisi. Siku moja kibao kilikuwa shingoni mwa mtu mwingine, na Mzee Kilonzo akajikojolea akiwa amesimama, ndani ya overoli, mtu wa miaka hamsini na nane mwenye wajukuu. Hakuna aliyecheka. Wanjiku alichukua ndoo ya maji ya sabuni akaimwaga pale chini kama aliyeteleza, tukalowa sote, akapiga kelele, "Pole, pole, ndoo imeniponyoka!" Hivyo ndivyo tulivyoishi pale.

Baada ya siku hiyo tukagundua dawa. Shemeji akiguswa anasimama, na akishasimama haamki mpaka Odera ashuke kutoka ofisi ya juu aje kubonyeza namba ya siri. Dakika tano, siku nyingine saba. Laini yote inalala. Katika dakika hizo Mzee Kilonzo anaenda choo na kurudi bila kibao, mwenye mimba anakaa, mimi nanyoosha mgongo. Tukaweka zamu. Kila mtu siku yake. Mzee akikuangalia huku amebana magoti, unatoa mgongo wa mkono, Shemeji anakugusa, anasimama, Odera anashuka ngazi akitukana. Zamu yangu ilikuwa Jumatatu.

Odera si mjinga. Wiki moja alikuja akasimama karibu na nguzo asubuhi nzima, mikono nyuma.

"Huyu roboti anasimama sana kwenu," akasema. "Laini ya pili hasimami. Mnanichezea, sindio?"

"Aah, mkubwa," Wanjiku akamjibu, "Shemeji ana wivu. Akiona wanawake wanaongea bila yeye anazira."

Tukacheka. Odera naye akacheka. Akatuangalia mmoja mmoja kisha akapanda ngazi.

Jumatatu iliyofuata tulipoingia, vikombe vya mpira havikuwapo. Mahali pavyo palikuwa na bamba la chuma la kubeba katoni mbili kwa pamoja. Na Shemeji alikuwa anakimbia. "Leo amekunywa chai ya tangawizi," Wanjiku akasema. Tuliona, na hatukuelewa. Hakuna aliyetuambia kitu, na sisi tulikuwa tumezoea kutoambiwa.

Saa nne hivi Mzee Kilonzo aliniangalia. Nikatoa mkono.

Alinigusa kama siku zote, halafu hakusimama. Aliusukuma mkono wangu mpaka kwenye chuma cha ukingo wa mkanda, akaukandamiza pale, na nikasikia sauti ya muwa ukivunjwa gotini. Hata maumivu yalichelewa. Nilikuwa nangoja taa igeuke nyekundu. Kitufe cha kuzimia kila kitu kiko upande wa pili, hatua tatu kutoka aliposimama Mzee Kilonzo. Yeye hakusogea. Mdomo wake ulikuwa wazi. Aliyekimbia kuzunguka mashine yote mpaka kwenye kitufe ni Wanjiku, na muda huo wote Shemeji alinishika.

Nilipelekwa kliniki ya kampuni. Pale kuna mtu anaitwa Muli, anavaa koti jeupe, na hadi leo sijui alisomea nini. Aliosha, akashona, akafunga. Nikamwomba anipeleke kupigwa picha.

"Mama, kama ni mfupa ni ufa tu. Unaweza kusogeza vidole?"

"Siwezi."

"Utaweza."

Akanipa vidonge na karatasi ya Kiingereza niweke kidole gumba cha kushoto. Akanieleza kwamba nikienda hospitali ya nje, kampuni haihusiki tena. Baadaye nilisomewa ile karatasi. Ilisema niliingiza mkono kwa hiari yangu. Huo ndio ubaya wake, kwamba haikuwa ya uongo.

Huo ulikuwa msimu wa mvua ndefu. Walinirudisha kazini baada ya siku tano, nibandike stika kwa mkono mmoja, ili jina langu lisiingie kwenye orodha ya walioumia. Kila jioni nilivuka matope ya mtaa wetu wa Pipeline mkono umeinuliwa juu kama mwanafunzi anayeomba kujibu, bandeji inalowa vilevile. Muli alikuwa akiifungua kila wiki, anasema inaendelea vizuri, anafunga. Nilimwamini kwa sababu koti lake lilikuwa safi.

Kisha ikaja harufu. Jambo hili hakuna atakayekuambia, kwa hivyo nitakuambia mimi. Mwanzoni nilifikiri ni mtaro wa nyuma ya ploti tunayopanga. Nekesa akaanza kufungua dirisha akiingia, bila kusema kwa nini. Baba Nekesa akaanza kulala ameelekea ukutani. Kanisani benchi letu likabaki na nafasi pande zote mbili, na watu wale wale waliokuwa wananiombea kwa sauti wakawa wananiombea wakiwa mbali. Nilikuwa nikijipaka mafuta ya nazi shingoni ili kufunika. Ukisikia harufu, ndugu yangu, usingoje ruhusa ya mtu. Nenda siku hiyo hiyo, hata kama ni kwa miguu, hata kama wamekuambia hawahusiki. Mimi nilingoja wiki sita.

Hospitali kubwa ya serikali niliingia baridi ya Juni ikianza. Unafika alfajiri, unapewa kikaratasi cha namba, unakaa kwenye benchi la mbao refu lisilo na mgongo, na kila mtu akiitwa mnasogea pamoja, makalio yanajua njia. Mimi nilipokaa, benchi lilipanuka. Watu walisogea upande bila kuniangalia. Siku ya pili mwanamke mmoja mnene, mguu wake umefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, alijivuta mpaka akanigusa bega.

"Kaa hapa na mimi, mama," akasema. "Mguu wangu na mkono wako wanafahamiana."

Nilicheka mpaka nikalia. Tulikuwa tukikutana kila Jumanne. Alikuwa akibeba uji kwenye chupa, ananimiminia kwenye kifuniko, ananishikia nikinywa. Tulijuana kwa jina la ugonjwa tu, yeye Mama wa Mguu na mimi Mama wa Mkono. Jumanne moja hakuja. Nyingine pia. Nilimwuliza sista wa dirishani, akatafuta kadi, akaitoa, akaiweka upande mwingine wa meza, akaita namba inayofuata.

Mara ya kwanza waliniingiza ndani wakatoa vidole viwili. Mara ya pili wakafungua kiganja kusafisha mfupa, wakaacha wazi kama kitabu. Julai nzima nilikuwa nasafishwa kila siku ya pili. Wauguzi wengi wanavuta bandeji ikiwa imekauka, na nyama inakuja nayo. Kulikuwa na mmoja, Sista Halima, aliyekuwa akiiloweka kwanza kwa maji ya chumvi, anakuacha nayo dakika kumi, anaenda kwa mgonjwa mwingine, anarudi inatoka yenyewe. Nilikuwa nikiacha watu watatu, wanne wanipite kwenye foleni ili niangukie kwake. Kwa hivyo jifunze kusema: "Naomba ilowekwe kwanza." Wengine watakukasirikia. Wakasirike. Ni nyama yako.

Mara ya tatu ndiyo ile ya mstari.

Niliamka nikiwa mwepesi upande mmoja. Vidole ambavyo havipo vilikuwa vimekunjwa, vimeshika kitu kwa nguvu, na hadi leo havijaachia. Asubuhi za baridi vinawasha, nami sina pa kukuna. Nikimwambia mtu ananiangalia kama mwenda wazimu, lakini wewe ukikatwa utajua.

Watu wanafikiri ukikatwa mambo yameisha. Ndipo yanapoanza. Jaribu kusonga ugali kwa mkono mmoja. Sufuria inazunguka na mwiko, mnacheza pamoja mpaka moto unakuchoma. Sasa nakaa chini sakafuni, nabana sufuria kwa nyayo mbili zilizofungwa vitambaa, nasonga. Mama mkwe wangu alikuja kutoka Bungoma kunipa pole, akanikuta hivyo, akatoka nje kwenye korido. Alirudi baadaye, macho mekundu, akasema tu, "Nekesa apike." Nekesa alikuwa ameanza kozi ya kushona. Akaiacha ili anivalishe sidiria, anisuke, anifungie leso.

Na salamu. Kwetu mkono wa kushoto ni wa chooni. Humpi mtu mzima kitu kwa kushoto, humsalimii kwa kushoto. Sasa mimi huo ndio niliobaki nao. Kanisani nilimpa mama mmoja wa kamati mkono wa kushoto, akauangalia, akanishika bega badala yake, akasema "Mungu ni mwema." Mungu ni mwema, lakini ungenishika mkono. Siku hizi nainamisha kichwa tu, watu wanasema nimekuwa na maringo.

Baba Nekesa alivumilia mpaka Septemba. Simsifu na simlaani. Alinivisha, alinifulia, alibeba mitungi ya maji orofa tano juu akitoka kazi ya ulinzi. Ila alikuwa akifanya bila kusema, na nyumba ya chumba kimoja ikikosa maneno inabana. Jioni moja niliangusha sufuria ya mboga, ikamwagika yote, nikaanza kulaani: Odera, Mbugua, Muli, na mama zao. Akasema, taratibu sana, akichota mboga kutoka sakafuni:

"Na wewe? Si ni wewe uliweka mkono?"

"Niliweka ili mtu akakojoe."

"Uliweka."

"Kwani ungekuwa wewe ungemwacha mzee wa watu ajikojolee?"

"Ningekuwa mimi," akasema, "ningekuwa na mkono."

Wiki iliyofuata alienda kwa kakake, mtaa wa Kayole, apumzike kidogo. Mvua za vuli zilikuja zikaisha, bado anapumzika. Huja Jumapili, anajaza mitungi, anakaa karibu na mlango, anaenda.

Mvua hizo za vuli ndizo zilizomleta Mzee Kilonzo. Ilikuwa mchana wa Jumamosi. Nilisikia mtu anapanda ngazi, anapumzika, anapanda. Nekesa alipofungua alikuwa amelowa, amekonda, kofia mkononi.

"Hodi, Mama Nekesa."

"Karibu, mzee. Keti kwa kitanda, kiti kimevunjika."

Hakuwahi kuja hospitali hata siku moja, nami nilikuwa nimemsamehe hilo, nikijua miguu yake. Akaangalia sehemu ambayo mkono wangu ungekuwa, akaangalia pengine.

"Nimefukuzwa," akasema.

"Lini?"

"Mwezi jana. Shemeji sasa ananyoosha katoni mwenyewe."

Nikampa pole. Nekesa akampa chai isiyo na sukari. Hakuinywa. Aliishika tu.

"Mama Nekesa, ile Jumapili kabla ya wewe kuumia, mimi nilikuwa kazini. Odera aliniita nifagie. Injinia Mbugua alikuja na kompyuta yake akaiunganisha kwa nguzo ya Shemeji. Nikamsikia Odera anamwambia, 'Mwongeze nguvu, asisimame akiguswa-guswa na hawa. Na mbio pia.' Injinia akamwambia, 'Nikiongeza hivyo, lazima uweke wavu, na uwaambie watu.' Odera akasema, 'Nitawaambia.'"

Nilikuwa naangalia chai.

"Halafu?"

"Halafu akaniambia mimi, 'Kilonzo, hujaona kitu. Ukifungua mdomo, ugonjwa wako huo utaenda kuugulia nyumbani.'"

"Jumatatu uliniangalia, mzee."

"Ndiyo."

"Ulibana magoti, ukaniangalia."

"Ilikuwa imenibana, mama. Nilisahau. Ulivyonyoosha mkono ndipo nikakumbuka. Nikataka kusema."

"Hukusema."

"Mdomo ulifunguka, sauti haikuja."

"Na kitufe je? Kitufe hakihitaji sauti."

Akaweka kikombe chini, akajishika tumbo, na akasema kitu ambacho hadi leo sijui kama ningecheka au ningempiga: "Samahani, Mama Nekesa. Naomba choo."

Nikamwambia Nekesa ampe ufunguo. Choo chetu kiko mwisho wa korido, cha nyumba kumi na mbili. Tulibaki mimi na binti yangu, tunasikia mlango wa mabati, tunasikia mzee anakohoa. Aliporudi nilimwambia jambo moja tu: aende akayaseme hayo ofisi ya kazi, nilikopeleka malalamiko yangu, mbele ya afisa. Akaapa kwa mkewe na wajukuu kwamba ataenda. Sikumwambia nimekusamehe. Alingoja nimwambie, akaona haliji, akavaa kofia.

Siku ya kusikizwa kwa kesi yangu pale ofisi ya kazi ilikuwa mwanzo wa mwaka, jua kali. Nilifika kwanza. Bwana Odera alikuja na shati la mistari na mwanasheria. Injinia Mbugua hakuja. Alituma barua kwamba roboti ni salama, ameundwa kufanya kazi na binadamu. Odera aliulizwa kama kuna kitu kilibadilishwa kabla ya ajali. Akasema, bila kupepesa macho, "Hapana. Mfanyakazi aliingiza mkono kwa makusudi, na tuna sahihi yake." Nikaambiwa nilete shahidi wangu. Nikageuka kuangalia mlango. Tukangoja. Wanjiku alikuwa tayari kusema, lakini yeye Jumapili hakuwapo. Nilimpigia Mzee Kilonzo, simu ikachukuliwa na mkewe, akasema mzee amesafiri kwenda Kitui, hajui atarudi lini. Nyuma yake nilisikia mtu anakohoa, na kikohozi hicho nakijua.

Afisa akaahirisha. Amekwisha ahirisha mara tatu. Wakili wangu ameacha kushika simu. Nekesa anasema, "Mathe, wachana nao, watakumaliza." Watanimaliza nini kingine? Sina hata ndoto kwamba nitashinda. Walio na barua ni wao, walio na karatasi yenye kidole changu ni wao, na Shemeji, nasikia, sasa wapo watatu.

Lakini siwachi. Mzee Kilonzo, nimekutaja, watoto wako watasoma. Toka Kitui, au toka chumbani kwako, popote ulipo, useme ulichosikia. Muli, useme ni nani aliyekukataza kunipeleka kupigwa picha. Injinia Mbugua, wewe ulisema wavu uwekwe na watu waambiwe, kwa hivyo ulijua. Ulirudi lini kuangalia kama waliambiwa? Ulilala vipi Jumapili hiyo?

Na wewe, Bwana Odera. Ulitusimamia asubuhi nzima ukiwa na mikono nyuma. Ulijua tunamgusa, ulijua kwa nini, na nina hakika ulijua zamu zetu, kwa sababu kila kitu chetu ulikuwa unakihesabu. Ilikuwa kazi ya maneno mawili tu, "Msimguse tena," useme ukiwa ngazini, hata bila kushuka. Ulisahau? Kama ulisahau, simama mbele ya afisa useme ulisahau, nami nitasikia. Ila kama hukusahau, kama ulinyamaza makusudi ili mmoja wetu ashikwe na wengine wafundishike, basi nataka useme hivyo, kwa mdomo wako, mimi nikiwa nimekaa mbele yako. Jumatatu ile ulijua ni mkono wa nani utatoka?